Safari yangu ya kwanza mjini na mtoto wa wiki 10 bila ya msaidizi, na suala la mikono ya watu garini

MamaMpya_Fuoni

Assalamu alaykum nyote. Naandika haya mtoto akiwa amelala, na kwa kuwa sijui atalala kwa muda gani, mnisamehe nikikatiza katikati.

Mama yangu alikuja kutoka Wete kunitazama uzazi wangu, akakaa nami hadi arubaini ilipokwisha na siku chache za ziada, kisha akarudi Pemba kwa boti kwa sababu huko nako ana wajukuu wanaomtegemea. Mume wangu anafanya kazi hotelini Nungwi na hurudi nyumbani siku moja tu katika wiki. Wifi yangu anasomesha skuli asubuhi. Chanjo ya wiki ya 6 tulikwenda watu watatu kwa gari ya jirani, nami nikakaa kama bibi harusi huku wenzangu wakibeba kila kitu, lakini ile ya wiki ya 10 ilinikuta sina mtu. Kadi ya mtoto ilifunguliwa mjini Unguja, katika kituo kilicho karibu na nyumba ya shangazi yangu nilikozalia, kwa hivyo ilinibidi nitoke Fuoni na kupanda gari.

Nilianza kujitayarisha tangu usiku. Mkobani nilitia winda sita, pampasi tatu, kanga tatu, nguo za kubadilisha jozi mbili, taulo, kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki, chupa ya maji yangu mwenyewe, na poda ambayo hata sijui niliitia kwa sababu gani. Asubuhi nilipoupima mkoba ule kwa mkono nikaona umemzidi mtoto uzito. Mama alinipigia simu kabla ya sala ya alfajiri kunikumbusha mambo mawili: nimpake mtoto wanja kwenye paji la uso, na nimfunike uso njia nzima, kwa sababu macho ya watu ni mengi na mtoto amenenepa. Nikafanya yote mawili.

Saa 1:30 nilikuwa kituoni. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenieleza katika siku zote arubaini za nasaha. Gari iliyokuja ilikuwa ya bodi la mbao, yenye mlango nyuma na viti vya ubavuni, na ngazi yake iko juu kiasi kwamba mtu hupanda kwa kushika chuma kwa mkono mmoja na kuinama ili kichwa kisigonge paa. Mimi mkono mmoja ulikuwa na mtoto na wa pili ulikuwa na mkoba. Utingo akaniambia nipande, nikasimama tu. Gari ikaondoka. Ya pili nayo ikaondoka. Nimepanda gari hizi tangu nikiwa mtoto wa skuli, na siku ile nilizitazama kama mtu anayetazama mnazi anaoambiwa aukwee.

Gari ya tatu aliketi karibu na mlango mwanamke wa makamo aliyevaa baibui. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mikono yake miwili akasema, "Lete mwana."

Ningependa mnielewe hapa, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mtoto wangu alikuwa hajawahi kushikwa na mtu nisiyemjua. Waliomshika wote nawajua kwa majina yao na ya wazazi wao. Na sasa, mbele ya utingo aliyekuwa akigonga bodi la gari kwa kiganja ili dereva aondoke, nilitakiwa niamue kwa muda usiofika hata pumzi mbili. Nilimpa. Nikapanda, nikainama, nikapata nafasi pembeni yake, na moyo wangu ulikuwa ukipiga kwa nguvu kama nimetoka mbio.

Yule mama hakunirejeshea mtoto papo hapo. Alimpakata vizuri, kisha akaiondosha kanga usoni mwake bila ya kuniomba ruhusa, akasema mashaallah mara mbili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Joto hili la kaskazi unamfunika namna hii? Mguse shingo." Nikamgusa. Shingo ilikuwa imerowa jasho na nywele za kisogoni zimegandamana. Niliona haya, na wakati huo huo nikamkasirikia, kwa sababu ni nani yeye kumfunua mwanangu? Alimpepea kwa ncha ya mtandio wake mpaka Mwanakwerekwe, akanipa mtoto wangu, akashuka. Hatukuulizana majina.

Kliniki yenyewe sina mengi ya kusimulia. Tulisubiri, akapimwa kwa ile mizani ya kuning'inia akawa na kilo 5 na gramu 200, akapewa matone na sindano mbili mapajani, akalia, akanyonya, akanyamaza.

Kurudi ndiko kulikonitia mashaka. Nilipofika kituoni Michenzani gari ilikuwa tayari, na aliyekaa mlangoni safari hii alikuwa kijana wa kiume, mwenye nguo safi na adabu zake, ambaye naye alinyoosha mikono vile vile na kusema, "Dada, nipe nikupokelee." Nikasema hapana, ahsante. Gari ikaondoka bila ya mimi. Nilisimama juani muda mrefu nikisubiri gari yenye mwanamke mlangoni, sikuipata, na mwisho nikachukua bajaji kwa pesa ambazo zingenitosha kwenda na kurudi mjini mara kadhaa. Usiku mtoto alipata homa kidogo, kama muuguzi alivyotutahadharisha, nami nilikuwa nimeamka nikimfikiria yule kijana na jinsi alivyoirudisha mikono yake mapajani.

Ninalouliza ni hili: ni ipi kanuni ya kumpa mtu mtoto garini? Na nyinyi mnaosafiri peke yenu mnapandaje? Wiki ya 14 haiko mbali.

BiMkubwa_Kikwajuni

Waalaykumu salaam mwanangu. Hongera ya kujifungua salama na hongera ya safari.

Wakati wetu swali lako lisingeulizwa, kwa sababu mzazi hakuwa akitoka peke yake, na hata baada ya arubaini alikuwa na somo yake au wifi yake pembeni. Sisemi hivyo kukulaumu. Waume wanakwenda kwenye kazi za utalii na mawifi wanakwenda makazini, nyumba zimebaki na mtu mmoja. Lakini kupakatiana garini si jambo la jana. Nimewahi kupakata watoto nisiowajua idadi, pakacha za samaki, na siku moja kuku wawili waliofungwa miguu ambao mwenyewe alishuka akawasahau.

Kanuni ipo, mwanangu, ila hatukuwahi kuiandika. Mpe mtoto aliyekwisha kaa ndani; usimpe aliyesimama chini, wala anayening'inia mlangoni, wala anayejiandaa kushuka. Aliyekaa ndani hana pa kukimbilia, maana mlango umeuziba wewe. Mtazame machoni kwanza, umpe kwa mikono miwili, na usiuachie mwili wa mtoto mpaka uhisi uzito umehamia kwake. Mkoba mpe utingo. Wengi hufanya kinyume: wanaukumbatia mkoba wenye poda na kumrusha mtoto.

Kuhusu kijana, umemnyima thawabu zake. Wanangu wa kiume wote wanne wamelea wadogo zao.

Baba_wa_Konde

Shikamoo Bi Mkubwa. Dada mwenye uzi, pole na hongera.

Mimi nina shida iliyo kinyume na yako, na ninaieleza ili uone upande wa pili wa ile mikono. Mke wangu alipopata kazi ya muda Chake Chake, ilinibidi nimpeleke mtoto wetu wa miezi mitatu mchana mmoja kutoka Konde ili anyonye, kwa sababu maziwa aliyoyakamua yalikuwa yamekwisha kabla ya wakati. Sikupata hata nafasi ya kuamua. Niliponyanyua mguu tu kupanda, mtoto alikwisha nyakuliwa na mwanamke mmoja, akapewa wa pili, na nilipokaa alikuwa amefika kwa wa tatu mwisho wa gari, karibu na kiti cha dereva. Baina ya Konde na Chake niliulizwa mara tano mama yake yuko wapi, na mara moja kama mama yake yu hai. Mtu mmoja alilikagua winda na kutangaza mbele ya abiria wote kuwa nimelifunga vibaya, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kwa hivyo nakuambia kwa heshima: yule kijana pengine alinyoosha mikono kwa sababu anajua vizuri uzito wa mtoto. Sisi wanaume tunalaumiwa kuwa hatushiki watoto, na tukitaka kuwashika tunaonekana wezi. Sikulaumu wewe binafsi, dada yangu. Ulikuwa peke yako na ulikuwa na khofu, na khofu ya mzazi mpya haina subira ya kupima mtu na mtu. Lakini umesema ulimfikiria usiku, nami nimeona nikwambie kuwa huenda na yeye alikufikiria.

Kuhusu kupanda, mimi siku hizi namfunga kifuani kwa mbeleko ya kanga. Utingo wa gari ya Konde alicheka mwezi mzima, kisha akazoea.

Msomaji_Mpendae

Naomba kutofautiana na wengi wenu, na ninatumai nitasomwa bila ya hasira.

Mwenye uzi hakukosea popote. Mtoto si mkate wa mofa wa kupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mimi nina mapacha, na katika miezi yao minne ya mwanzo watu nisiowajua waliwabusu midomoni, waliwatia vidole vinywani ili wanyamaze, na mzee mmoja aliwatemea mate kidogo kwa nia njema ya kuwakinga na husda. Kila nilipokataa nilionekana najivuna. Hata yule mama wa baibui, ambaye hakuna aliyemlaumu, alimfunua mtoto wa watu bila ya kuuliza. Kama shingo ilikuwa na jasho, angemwambia mzazi na mzazi angefunua mwenyewe.

Pesa ya bajaji ni bora kuliko majuto. Anayeweza kuilipa ailipe, na asiombe radhi kwa mtu.

Mkunga_Mstaafu

Nimesoma michango yote na nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa nimefanya kazi ya wazazi na watoto kwa miaka mingi, Unguja na Pemba.

Kwanza, mwanangu wa Fuoni, safari nzima hukulazimika kuifanya. Kadi ya kliniki haimfungi mtoto na kituo kimoja. Chukua kadi yako uende kituo cha afya kilicho karibu nawe, waoneshe zilizokwisha kuandikwa, nao wataendelea pale pale. Nimewaona akina mama wakivuka mji mzima wakiwa na watoto wachanga kwa kuamini kuwa kituo kilichoanza ndicho lazima kimalize.

Pili, yule mama wa garini alikuwa na haki katika jambo la kanga, hata kama Msomaji_Mpendae ana haki katika jambo la adabu. Mtoto wa umri huo hawezi kujipoza kama mtu mzima, na nguo nzito juu ya uso wake huzuia hewa na hukusanya joto. Kumkinga na jua ni lazima. Basi mkinge kwa kivuli, yaani mwavuli au ukingo wa kanga ulioinuliwa, si kwa kumziba. Ukitaka kujua kama ana joto sana, usiguse mikono wala miguu, gusa kisogo au kifua. Anayeogopa husda anaweza kumgeuzia mtoto kifuani kwake na kumsomea anayomsomea, na pua ikabaki wazi. Na kwa kuwa joto ni hili, narudia lile la kawaida: usimpe maji. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha kwa kiu na kwa njaa, na siku ya jua mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Tatu, mbeleko. Ikiwa utamfunga kifuani, uso wake uwe unaonekana na uko karibu nawe kiasi cha kuweza kumbusu utosini, mgongo umekazwa, na kidevu chake kisizame kifuani. Vidole viwili vipite chini ya kidevu. Mtoto aliyejikunja ndani ya kanga kama dagaa ndani ya kifuko anaweza kukosa pumzi bila ya kutoa sauti. Mgongoni usimbebe bado, shingo yake haijakomaa.

Sasa nije kwenye mikono, maana ndiyo mada. Mnabishana kama mtu ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Mimi ningeuliza jambo jingine kabisa: je, anakohoa? Miongoni mwa maradhi yanayokingwa na ile sindano ya mchanganyiko ni kifaduro, na mtoto wako amepata dozi mbili kati ya tatu, kwa hivyo kinga yake bado inajengwa. Kifaduro kwa mtu mzima huweza kuwa kikohozi tu kinachokataa kwisha. Kwa mtoto wa miezi miwili huweza kuwa kifo. Mtu mwenye kikohozi au mafua asimpakate mtoto wako hata kama ni shangazi yako wa damu, na hakuna mtu yeyote anayepaswa kumbusu mdomoni au kumtia kidole kinywani. Lakini mtu mzima wa afya, aliyekaa, anayemshika mtoto kwa dakika moja akiwa ndani ya nguo zake, hana madhara ninayoweza kukutajia.

Wiki ya 14 utarajie sindano ya polio kuongezeka juu ya matone, kwa hivyo atalia zaidi. Mnyonyeshe wakati wa kuchomwa, kaeni hapo kituoni kwa muda kabla ya kuondoka, na pale palipochomwa usipasugue wala usipapake kitu. Homa ya siku moja au mbili ni ya kawaida, na dawa yake mpe kwa kipimo atakachokuandikia muuguzi kwa uzito wake. Akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, hospitali usiku huo huo.

MamaMpya_Fuoni

Bi Mkubwa, shikamoo. Mkunga, ahsante sana. Jambo la kadi limenifanya nicheke peke yangu jikoni. Kaka wa Konde, nimeyasoma maneno yako mara mbili, na sina la kujitetea zaidi ya lile ulilonitetea mwenyewe. Dada wa Mpendae, ahsante kwa kusimama nami, ila kwa bajaji kila mara mfuko wangu hauruhusu.

BiMkubwa_Kikwajuni

Msomaji, mwanangu, mimi sikukasirika. Mate ya yule mzee hata mimi nisingeyakubali. Lakini mkate wa mofa ukipitishwa hupungua, na mtoto harudi amepungua.

Msomaji_Mpendae

Bi Mkubwa, nimekubali hilo la mkate. La kubusu sikubali.

MamaMpya_Fuoni

Mrejesho, kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha kwa baadhi yenu.

Jana tulimaliza wiki ya 14. Tulikwenda kwa miguu kituo cha karibu, mtoto akiwa kifuani kwa mbeleko na mwavuli juu yetu, na mkoba umebaki na winda tatu, kanga moja na kadi. Walimpokea bila ya swali. Sindano tatu, kilio kikubwa, ziwa, usingizi. Tulipotoka bado ilikuwa asubuhi, na homa ilikuwa haijaanza, nikaona nguvu ninazo, basi nikapanda gari kwenda marikiti Darajani kutafuta samaki. Mikono yote miwili ilikuwa huru, nikashika chuma, nikainama, nikakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono, na nitakuwa mwongo nikisema sikulitambua hilo.

Kurudi, fungu la changu mkononi na gari imejaa, fundo la mbeleko lilianza kulegea nikiwa bado chini, na ikabidi nimfungue mtoto pale pale. Mlangoni alikaa mzee wa kofia ya viua na kanzu, mwenye ndevu nyeupe. Akanyoosha mikono. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeisoma nasaha ya Mkunga zaidi ya mara moja, nilijikuta namuuliza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Ami, samahani, una kikohozi?"

Gari nzima ilicheka. Utingo alicheka mpaka akasahau kugonga bodi. Mzee akafikiri kidogo, akanijibu kwa upole, "Kikohozi sina, mwanangu. Nina meno mawili tu, lakini hayaambukizi."

Nikampa mtoto, nikampa utingo samaki, nikapanda. Nilipotaka kumchukua nikakuta amezishika ndevu za mzee wa watu kwa ngumi, na haachi, na mzee amekaa kimya shingo upande kama anayenyolewa. Tulifika hivyo hadi Mwanakwerekwe.

Homa ilikuja usiku, ya kawaida, na leo imekwisha. Nasikia anaamka, na samaki wa jana nusu yao bado hawajapaliwa.